Spika za Mwalimu Kipngetich

Kitale, 4 Februari 2024

Kwa Khocha Wabwile,

Pokea salamu zangu, mjomba, na za nyumba nzima. Huku baridi ya asubuhi bado inauma. Mahindi ya mwaka jana tumeshapukuchua, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mimi bado niko kwenye lile duka la dawa za mifugo, hapa mjini. Tangu Krismasi nimekutumia ujumbe mara tatu, hukujibu hata mmoja. Nikipiga, naambiwa hupatikani. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Baba ni mgonjwa. Moyo wake umechoka, ndivyo daktari alivyosema, na miguu imevimba hata viatu haviingii. Kanisani hajafika tangu Novemba. Analala katika kile chumba kidogo kinachotazama mlima, na kutwa anasikiliza kanda za kwaya aliyokuwa akiifundisha. Unaikumbuka. Mama alikuwa anaimba sauti ya pili. Sasa spika zake zimekufa. Moja inakoroma, nyingine iko kimya kabisa. Amplifaya ni ile uliyomtengenezea wewe alipostaafu ualimu, na bado inawaka vizuri. Nataka kumnunulia spika ndogo zinazoifaa, za kutosha chumba kile. Fundi ninayemwamini ni wewe tu.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Mambo ya siku ya mazishi ya mama siyataji, nawe naomba usiyataje. Nijibu tu kuhusu spika.

Mpwa wako,
Jelimo


Bungoma, 21 Februari 2024

Jelimo mpwa wangu,

Barua yako ilikaa posta wiki nzima kabla sijaenda kutazama sanduku. Mimi ni mzima. Mke wangu yuko Kakamega kwa binti yetu, analea mjukuu, kwa hiyo ninajipikia, na ugali wangu una madonge. Duka la ufundi nililifunga. Kile kibanda nimewapangisha wanafunzi wa chuo cha Kibabii, wanapigia watu kopi. Ni uzee tu, usiniulize zaidi. Simu niliizima. Ukiwa na neno, andika. Barua haikimbii.

Sikiliza kuhusu spika. Kwanza acha kusoma wati. Wati zilizobandikwa mbele ni maneno ya muuzaji. Geuza spika utazame nyuma, pale pa kufungia waya. Utaona namba na alama kama kiatu cha farasi. Hiyo inaitwa omu. Amplifaya ya baba yako ni ya omu nane. Ukiifunga kwa spika za omu nne zitaifyonza umeme kuliko nguvu zake, itapata moto, na siku moja utasikia harufu ya kuungua. Kisha tafuta namba ya desibeli. Hiyo ndiyo inayokuambia kama spika ni nyepesi kuitika au ni nzito. Amplifaya ile ina wati ishirini tu, haina nguvu za kumbeba mvivu. Ikiwezekana isipungue themanini na nane.

Nipimie chumba. Uniambie kitanda kiko wapi, na spika zitakuwa mbali kiasi gani na ukuta.

Kuhusu siku ya mazishi, sikuelewa. Nilikuja, nikatupa udongo wangu, nikarudi kabla ya kafyu. Kuna nini cha kutaja? Msalimie baba yako, kama salamu zangu anazitaka. Aliacha kunipigia zamani.

Khocha wako,
Wabwile


Kitale, 3 Machi 2024

Khocha,

Natumaini barua hii itakukuta umekula vizuri. Huku tunalima, tunangoja mvua ikae sawa tupande. Baba alipata nafuu siku mbili, akatoka kuona ndama, halafu akarudi kitandani na hajatoka tena.

Umeniuliza kuna nini cha kutaja. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nimeamua kuipita.

Chumba ni hatua nne kwa tatu. Kitanda kiko ukutani chini ya dirisha, na meza ya amplifaya iko ukuta wa pili. Spika zitakuwa karibu zinagusa ukuta, nafasi ni hiyo tu. Nimeenda kwa Inderjit, yule Singasinga wa duka la vyombo vya umeme. Ana jozi mbili. Ya kwanza ni mpya, nyeusi, inang'aa, ndogo kama mkate, imeandikwa wati mia mbili. Nyuma ni omu nne, desibeli themanini na nne, na ina tundu la kutolea hewa mgongoni. Ya pili ni ya mitumba, ya mbao, kubwa kidogo. Imeandikwa omu nane na desibeli themanini na tisa, haina tundu popote, na kitambaa cha moja kimechanika. Mimi moyo ulipenda zile nyeusi. Niliziwazia kwenye meza ya baba, zinapendeza.

Si uje tu, Khocha? Ni mwendo wa saa mbili. Uzisikilize mwenyewe pale dukani, na ukitaka urudi bila kufika nyumbani.

Jelimo


Bungoma, 15 Machi 2024

Jelimo,

Nashukuru kwa habari za ndama. Hapa mvua imeanza, na paa la jikoni linavuja.

Chukua za mbao. Kila namba uliyoniandikia inasema hivyo. Zile nyeusi zinataka nguvu mara tatu ili zitoe sauti sawa na hizi, na tundu la mgongoni likikaribia ukuta besi inavimba, inafunika kila kitu. Kabla hujazichukua, toa kitambaa cha mbele, uguse ule ukingo unaoishika koni, ile karatasi inayotikisika, pande zote. Ukivunjika mkononi kama majivu, ziache. Ukiwa bado laini, ni nzima. Mgonjwa anasikiliza akiwa amelala, kwa hiyo usiziache chini. Zipandishe kwenye stuli, zielekee sikio lake.

Usiniamini mimi peke yangu. Beba amplifaya uende nayo dukani, na kanda moja ya kwaya. Sikiliza jozi zote mbili kwa sauti ya chini. Usitafute besi, kila mtu hutafuta besi. Tafuta sauti ya pili. Spika mbaya huimeza, huwezi kujua kwamba iliwahi kuimbwa.

Kuja siwezi. Usiniombe tena.

Wabwile


Kitale, 7 Aprili 2024

Khocha,

Salamu. Mahindi tumepanda. Baba anakohoa sana akilala chali, kwa hiyo anakaa ameegemea mito.

Nilifanya ulivyosema. Inderjit alifunga nyaya, tukasikiliza. Zile nyeusi zilinguruma, nikafurahi, nikasema ndizo hizi. Halafu akafunga za mbao. Khocha, nilimsikia mama. Si kwamba nilimtambua yeye kati ya watu arobaini. Nilisikia tu ule mstari wa chini unaokwenda njia yake, nikajua yumo. Nilikaa kwenye katoni nikalia mbele ya wateja. Ukingo wa koni ni laini. Nimezichukua.

Ndipo Inderjit akaniuliza, "Nani alikufundisha hii maneno ya omu?" Nikamwambia ni mjomba wangu, Wabwile wa Bungoma.

"Wabwile fundi? Yeye masikio iliisha kitambo, dada. Hujui?"

Nikamwambia haiwezekani.

"Kweli kabisa. Ile mwaka ya corona alikuja hapa kutafuta transista. Aliniambia, Inderjit, shusha hiyo barakoa kidogo nione mdomo yako. Hapo ndipo nilijua. Alikuwa anasoma midomo miaka mingi, bana. Sisi tunafikiria anasikia."

Mama alizikwa Julai mwaka huo. Sote tulikuwa tumevaa barakoa.

Niambie ukweli, Khocha. Siku ile pale kaburini, baba alipokusogelea akasema na wewe, ulisikia nini?

Jelimo


Bungoma, 16 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Safari hii sina habari za mvua.

Inderjit amesema kweli. Sikio la kushoto lilikufa kabla hujamaliza shule. La kulia lilikwenda polepole, na mwaka ule wa barakoa ndipo nilipojua limekwisha, maana midomo ilifichwa na mimi nikabaki peke yangu. Fundi wa redio asiyesikia, nani ataleta redio yake? Niliona aibu. Nimemficha hata mke wangu mpaka leo, anafikiri nimemchoka. Simu ilikuwa ikitikisika mfukoni, nafungua, nasema halo, halo, kisha nakata. Nyingine nadhani zilikuwa za baba yako. Jumbe zikafuata, nami nikiona tu jina la mtu aliyenipigia moyo unauma. Nikaizima.

Siku ile niliona macho yake tu. Yalikuwa mekundu. Nilidhani ananishukuru kwa kuja, au ananiambia niwahi gari. Sikutaka kumwambia sikusikii, siku ya kumzika dada yangu Naliaka, mbele ya watu. Niliona heri niondoke. Sikusikia neno hata moja.

Aliniambia nini?

Wabwile


Kitale, 28 Aprili 2024

Khocha,

Nasikitika kwa hayo yote uliyobeba. Pole sana.

Spika zimeshafika nyumbani. Nilizifunga mwenyewe, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Stuli nimeomba kwa fundi seremala wa Kipsongo, hajamaliza. Kwa sasa ziko juu ya madebe mawili. Baba alipozisikia alifumba macho mpaka kanda ikaisha, kisha akasema, "Rudisha mwanzo." Nilitaka kuuliza, je, waya mwembamba unaharibu? Nimetumia ule wa zamani. Na je, ni vibaya kuiacha amplifaya ikiwaka kutwa? Inapata joto kidogo juu, lakini si la kutisha. Kitambaa kilichochanika nimekishona.

Jirani zetu wanakusalimu.

Jelimo


Bungoma, 6 Mei 2024

Jelimo,

Waya hauna shida. Joto kidogo ni kawaida.

Umeniandikia ukurasa mzima wa spika. Nilikuuliza aliniambia nini.

Wabwile


Kitale, 12 Mei 2024

Khocha,

Nilidhani nikinyamaza itapita.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nilisikia yote. Alisema: "Shemeji, nisamehe. Nilimficha ndani siku tano. Ningempeleka mapema angekuwa hai." Ulimtazama usoni, ukavuta kofia, ukaenda. Tangu siku hiyo baba anajua kwamba ulimsikia na ukakataa. Alikupigia simu mara nyingi mwaka ule. Unasema halo, halo, kisha unakata. Akasema, "Wabwile ana haki." Hakupiga tena.

Hizo siku tano ni kweli. Mama alianza kukosa pumzi Jumapili. Baba aliogopa. Watu walikuwa wanasema ukimpeleka mgonjwa anachukuliwa, humwoni tena, unapewa kaburi tu. Alimfukiza kwa mvuke, akamnywesha tangawizi, akafunga mlango ili majirani wasisikie kikohozi. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba hiyo. Nilimwambia tumpeleke, Jumatatu nikamwambia, Jumanne nikamwambia. Jumatano nikaacha kumwambia. Tulimpeleka Ijumaa. Jumamosi akafa.

Hujawahi kuyajua haya, na ni mimi niliyekuambia. Sijui kama nimefanya vizuri.

Jelimo


Kitale, 30 Juni 2024

Khocha,

Wiki saba sasa, na kila Ijumaa napita posta. Sanduku lina bili ya maji peke yake.

Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu baba anakwenda. Maji yamepanda mpaka tumboni. Chakula anaonja tu. Daktari amesema tusimsumbue kwa safari tena.

Jana nilimwambia kila kitu, barua zetu na masikio yako. Akasema, "Kumbe hakunikataa." Akalia, Khocha, kwa namna ambayo sijawahi kumwona, hata siku ya mama. Nilidhani nimemletea faraja. Halafu akaacha kulia, akaniuliza, "Na sasa umemwambia nilichosema?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ungemwacha," akasema. "Alikuwa amemzika dada yake. Umemfukulia."

Hajanisemesha vizuri tangu hapo. Kanda anasikiliza, lakini hasemi rudisha mwanzo.

Ukiweza, njoo. Ukishindwa, nitaelewa.

Jelimo


Bungoma, 9 Julai 2024

Jelimo,

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya Mei niliisoma nikiwa nimesimama palepale posta, nikaketi kwenye ngazi mpaka askari akanigusa bega.

Mwezi uliopita nilitoka nyumbani nije. Nilifika Kiminini nikashuka. Nilikaa kwenye benchi nje ya duka la mbolea nikatazama gari la Kitale likijaa na kuondoka, na la pili, na la tatu. Kisha nikavuka barabara nikarudi Bungoma. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa mgonjwa.

Nina hasira. Miaka minne nimemlilia dada aliyeuawa na ugonjwa. Sasa naambiwa nianze upya, nimlilie dada aliyefungiwa mlango. Na mtu wa kumkasirikia amelala kitandani, amevimba miguu, na ni mtu ambaye nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Nimkasirikie vipi? Na wewe ulikuwa mle ndani. Nawe pia nakukasirikia, kidogo. Nimeandika hilo nikalikata, kisha nimeliandika tena kwa sababu wewe hukunificha kitu.

Naja Jumamosi tarehe ishirini. Usichinje kuku. Mwambie atayarishe daftari la kuniandikia, maana sitamsikia.

Wabwile


Kitale, 25 Agosti 2024

Khocha,

Ahsante kwa kusimama nasi siku ya kumzika baba. Watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa unatazama chini, sikupata namna ya kusema nawe. Kwa hiyo naandika. Nataka uyajue yale yaliyosemwa chumbani ukiwepo na hukuyasikia, na yaliyosemwa baada yako.

Ulipoingia Jumamosi ile hukusalimu mtu, ulikwenda moja kwa moja kwenye spika. Ulikuwa umepiga magoti unazivuta mbali na ukuta, unapima kwa kiganja, unazigeuza kuelekea mto. Baba alisema, "Amezeeka." Nikamwambia, "Na wewe pia, Baba." Akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka. Ukainuka, ukamtazama, ukasema kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, "Sasa zinasikika?" Aliinua kidole gumba. Hukuona chozi, lilikuwa upande wa dirisha.

Daftari aliliandaa tangu alfajiri. Aliyoyaandika unayajua. Yeye, mwalimu wa miaka thelathini, aliandika kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nilimchelewesha. Niliogopa. Nisamehe." Ulisoma mpaka mwisho. Ukasema, "Hili siwezi kulijibu leo."

Nilikuchukia dakika ile, Khocha. Nitakuwa mkweli. Mtu anakufa, na wewe unasema leo huwezi. Ulilala siku mbili, ulikula nasi, ulimsaidia kugeuka kitandani, ulimnyoa ndevu. Jumatatu ukaondoka na neno hukulisema.

Nilimwuliza baba kama ameumia. Akasema, "Hapana. Miaka minne nilidhani amenijibu. Sasa najua anafikiri. Mtu anayefikiri hajafunga mlango." Akaniambia pia nisijilaumu kwa ile Jumatano niliyonyamaza, kwamba nilikuwa mtoto ndani ya nyumba ya baba yangu. Sikuwa mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Lakini alisema hivyo.

Alikwenda Jumamosi tarehe kumi, saa nne asubuhi. Hakukuwa na kanda. Aliniomba nizime, alisema amechoka. Nilikuwa nampangusa shingo.

Bado sijui la kufanya na chumba.

Jelimo


Bungoma, 4 Septemba 2024

Jelimo mwanangu,

Mke wangu amerudi, anakusalimu na kukupa pole. Nimemwambia kuhusu masikio, kila kitu. Alinipiga kofi begani kisha akaanza kuniandikia vikaratasi. Jikoni kuna vikaratasi hata juu ya sufuria.

Ulinichukia, nami sitakuambia ulikosea. Nilipotoka kwenu Jumatatu ile nilijua jibu ni lipi. Lilikuwa kinywani. Lakini niliogopa ningelisema kwa sababu yeye anakufa, kwa huruma tu, kama unavyompa mgonjwa maji. Nilitaka niende nyumbani, nikasirike mpaka hasira iishe, ndipo nirudi niliseme likiwa zima. Nilijipa wiki tatu. Niliona ni muda mfupi kwa jambo zito kama lile. Jumamosi tarehe kumi nilifua shati, nikalinyoosha, nikafunga mkoba. Nilikusudia kupanda gari la kwanza Jumapili, nimkute baada ya chai. Saa kumi jioni mwanafunzi mmoja wa pale kibandani, yule niliyekuachia namba yake, akaja na simu yake mkononi, akanionyesha ujumbe wako.

Nilikuja kuzika na mkoba ule ule. Nilipofika kaburini nilifungua kinywa nikashindwa, kwa kuwa sijui tena sauti yangu ina ukubwa gani, na sikutaka watu wageuke kunitazama.

Wewe unasikia. Nakuomba uende pale, siku yoyote, ukiwa peke yako, umwambie Kipngetich kwamba nimemsamehe. Sema jina langu. Usiseme zaidi ya hapo, maana sina zaidi ya hapo.

Wabwile